Mzula au Kofia ya Masikio: Ulinganisho kwa Anayetaka Kufuma Kofia ya Baridi

Kila kipupwe kinapoingia, kuanzia mwezi wa Juni, wateja wanaofika barazani kwangu hapa Mwanga, mjini Kigoma, huleta ombi moja kwa maneno tofauti: wanataka kofia ya baridi. Ukiwauliza ni kofia ya namna gani, wengi hutoa simu na kuonyesha picha, na mara nyingi picha hiyo ni ya kofia ya masikio, yaani ile inayoshuka pande zote mbili hadi usawa wa taya, ikiwa na kamba mbili za kufungia kidevuni na vishungi vya nyuzi vya mviringo, kimoja utosini na viwili kwenye ncha za kamba. Ni kofia ya kupendeza, nami sijawahi kuchoka kuifuma. Hata hivyo, kabla sijashika utepe wa kupimia, huuliza swali ambalo wengine huliona la ajabu: kichwa hiki kinakwenda wapi? Nauliza hivyo kwa sababu kofia ya masikio ina mwenzake, mzula wa kawaida usio na masikio, kamba wala kishungi, ambao humalizika kwa siku moja, hula nusu ya uzi, na kwa vichwa vingi vya mkoa huu ndio unaofaa.

Ulinganisho huu ni wa kofia hizo mbili zikifumwa kwa sindano ya kroshia. Anayefuma kwa sindano mbili za sweta atapata kitambaa chembamba na kinachovutika zaidi, na baadhi ya vipimo nitakavyovitaja havitamfaa.

Kichwa kinakwenda wapi

Mji wa Kigoma uko kando ya Ziwa Tanganyika, karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mchana wake hauhitaji kofia nyingine zaidi ya ile ya kukinga jua. Ukipanda kwenda Kasulu na Buhigwe mambo hubadilika, kwa kuwa huko ni milimani, na asubuhi za Juni na Julai watoto hubebwa mgongoni wakiwa wamefunikwa hadi puani. Tabora, iliyo yapata mita 1,200, ina baridi ya namna nyingine: kavu, ya alfajiri, inayoondoka jua likishapanda. Baridi zote hizo ni za saa chache. Mzula mmoja mwepesi unazitosha, na saa tatu asubuhi unaukunja na kuutia mfukoni, jambo ambalo kofia yenye vishungi vitatu haikubali hata ukiibembeleza. Kwa mtu anayesafiri usiku kwa treni kati ya Kigoma na Tabora, dirisha la jirani likiwa halifungi vizuri, mzula unaoshuka hadi kufunika masikio unatosha pia, mradi ufumwe mrefu wa kutosha kukunjwa ukingoni.

Kuna kichwa cha pili ambacho watu wasiokaa ufukweni hukisahau, nacho ni cha mvuvi wa dagaa. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku, hasa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa zinazowavuta samaki juu, na mtu anayekaa mtumbwini tangu jioni hadi alfajiri hupigwa na upepo akiwa amelowa mikono na mabega. Kipimajoto kingesema hakuna baridi ya kutisha. Upepo na maji husema vingine. Mvuvi mmoja wa Kibirizi alinirudishia mzula niliomfumia akaniambia, "Mama, kofia nzuri, ila ikifika saa nane usiku masikio yanalia." Nilimfumia ya masikio, yenye kamba fupi za kufungia nyuma ya shingo badala ya kidevuni. Vishungi hakutaka hata kuvisikia, kwa sababu chochote kinachoning'inia mtumbwini hunaswa na nyavu.

Kichwa cha tatu ni cha msafiri. Wapo vijana wa mkoa huu wanaopata nafasi za masomo katika nchi za theluji, na zipo familia za wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zikipelekwa kuanza maisha upya Marekani, Kanada na kwingineko. Katika mji kama Minneapolis, jimboni Minnesota, joto la usiku wa Januari kwa kawaida hushuka kupita nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri. Katika hewa ya namna hiyo masikio, pua, mashavu na vidole ndivyo vinavyoweza kuganda kwanza, na kofia inayoacha ndewe za masikio nje ni kofia nusu. Hapo ndipo kofia ya masikio inapokuwa kwao. Watu wa milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, hufuma kofia za umbo hilohilo, zinazoitwa chullo, na hawakuziwekea masikio kwa ajili ya picha.

Niondoe dhana moja inayowafanya watu wanunue kofia kubwa kuliko mahitaji yao. Husemwa kwamba nusu ya joto la mwili hupotea kupitia kichwani. Kichwa cha mtu mzima ni takriban sehemu moja ya kumi ya ngozi ya mwili wote, na joto linalopotea hapo haliko mbali na kiasi hicho. Ukivaa kofia nzito juu ya shati jepesi bado utatetemeka. Mtoto mchanga ndiye aliye tofauti. Kichwa chake ni karibu sehemu moja ya tano ya mwili wake, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huihesabu kofia miongoni mwa mambo ya kumkinga mtoto aliyezaliwa karibuni asipoteze joto, na ndiyo maana wakunga wetu huulizia kofia na soksi kabla ya kuulizia jina.

Kwa mtoto huyo, chaguo langu ni moja tu: mzula laini, bila kamba, bila kishungi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu sifumi kofia yenye kamba hata mama yake akinisihi, na nimewahi kupoteza wateja kwa msimamo huo. Kamba inayopita chini ya kidevu inaweza kunasa mahali na kumkaba, na kishungi kinachonyofoka huishia mdomoni. Marekani, tume inayosimamia usalama wa bidhaa za matumizi ilitoa mwongozo mwaka 1996 wa kuondoa kamba za kukaza shingoni na kwenye kofia za makoti ya watoto, baada ya watoto kunaswa kwenye vitelezi vya michezo na milango ya mabasi, na baadhi yao kufariki. Isitoshe, chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyohiyo, katika mwongozo wake wa mwaka 2022 kuhusu usingizi salama, kinashauri mtoto mchanga asivalishwe kofia akiwa ndani ya nyumba, isipokuwa saa za kwanza baada ya kuzaliwa au akiwa katika wodi ya watoto wanaohitaji uangalizi maalumu, kwa kuwa huweza kuzidiwa na joto. Bibi zetu hawatalipenda shauri hilo. Mimi huwaambia kwa adabu kwamba kofia ni ya njiani na ya kliniki, na mtoto akilala chumbani ivuliwe.

Uzi, na njiti moja ya kiberiti

Kuchagua umbo ni rahisi kuliko kuchagua uzi, kwa sababu umbo unaliona na uzi hukudanganya. Sokoni, uzi wowote mnene huitwa uzi wa sweta, na muuzaji akitaka kupandisha bei huuita sufi. Sufi, kwa haki yake, ni yale manyoya ya tunda la msufi tunayojazia mito na magodoro. Manyoya ya kondoo ni sufu. Tofauti ya herufi moja imewahi kunigharimu madonge manane.

Ilikuwa kwa ajili ya kijana aliyekuwa anakwenda kusoma Minnesota. Mama yake alitaka kofia ya masikio ya rangi ya kijivu, nami nikanunua uzi usio na karatasi ya maelezo kwa mtu aliyeniapia kwamba ni manyoya matupu ya kondoo. Nilipofika nyumbani nikakata kipande cha urefu wa kidole, nikakishika kwa koleo ndogo juu ya karai la maji, nikawasha njiti. Uzi ulijikunja ukiukimbia moto hata kabla haujaguswa, kisha ukashika, ukadondosha tone jeusi majini, na tone likaganda gumu kama punje ya pilipili manga. Harufu ilikuwa ya mfuko wa plastiki uliotupwa jikoni. Hiyo ni akriliki. Sufu ya kweli huwaka kwa kusitasita, huelekea kuzimika yenyewe ukiiondoa motoni, hunuka nywele zilizoungua, na kaa lake husagika katikati ya vidole. Pamba huwaka upesi kama karatasi, hunuka karatasi, na huacha jivu jepesi la kijivu. Jaribio hili ni la nusu dakika, nalo linashinda kiapo chochote. Lifanywe nje, watoto wakiwa mbali.

Sikuitupa akriliki ile, na wala nisingependa msomaji afikiri kwamba naidharau. Imekuwapo madukani tangu miaka ya 1950, na kwa mahitaji ya hapa kwetu ina sifa ambazo sufu haina: bei yake ni nafuu, rangi yake haichuji kirahisi, haisinyai ikifuliwa, na hukauka mapema. Mvuvi akirudi alfajiri na kofia mbichi, anaianika kambani, na ifikapo adhuhuri iko tayari kwa usiku mwingine. Kasoro yake kubwa ni moto. Karibu na jiko la mkaa, au chini ya pasi, huyeyuka, na ikiyeyuka hushika ngozi. Kasoro ya pili ni kwamba jasho likiwa jingi hubaki kichwani, kwa kuwa akriliki hainywi unyevu ila kwa uchache sana.

Sufu hufanya kinyume. Huweza kunywa mvuke wa maji unaokaribia theluthi moja ya uzito wake kabla mkono haujauhisi unyevu, na hata ikilowa kiasi bado huhifadhi joto, sifa ambayo mtu anayetembea kwenye theluji, akitoka jasho na kisha kusimama kituoni akisubiri basi, ataithamini kuliko rangi. Lakini ni uzi wenye masharti. Kila unyoya wa kondoo una magamba madogo sana, na magamba hayo yakikutana na maji ya moto, sabuni na kusuguliwa, hushikana yasiachane tena. Nilijifunza hilo kwa kofia yangu mwenyewe, niliyoifua pamoja na nguo nyingine katika maji ya moto: iliingia ya mtu mzima, ikatoka ya mwanasesere, nene na ngumu kama kizibo. Pamba nayo ina mahali pake, lakini si penye baridi kali. Ni nzito, haivutiki vizuri, na ikilowa hukaa na maji na kukipoza kichwa. Mimi huiweka kwa mzula wa mtoto wa mjini Kigoma, ambaye tatizo lake ni upepo wa jioni tu.

Ikiwa sufu halisi haipatikani dukani, ipo kwenye mitumba. Sweta kuukuu lenye lebo inayosema ni sufu kwa asilimia 100 linaweza kufumuliwa na kutoa uzi wa kutosha kofia mbili, na ndivyo nilivyofanya kwa yule kijana. Tazama kwanza mishono ya ubavuni. Ikiwa vipande viliungwa kwa uzi uliopitishwa ukingoni, ukiuchomoa huo sweta hufunguka vipande vinne na kila kipande hufumuka tangu juu hadi chini kwa uzi mmoja mrefu. Ikiwa ukingo ulikatwa kwa mkasi na kuzungushiwa cherehani ya kupiga lock, liache; utapata vipande vifupi visivyo na kazi. Liache pia lile ambalo matundu yake hayaonekani tena, kwa maana hilo limekwisha kugandamana kama kofia yangu. Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi kama nywele zilizotoka kwenye twende kilioni. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali pane, uloweshe kwa maji ya uvuguvugu na uuanike kivulini ukiwa umetundikiwa kitu chenye uzito, nao utanyooka. Sufu ikikuwasha kipajini, shonea ndani ya ukingo utepe wa kanga kuukuu wa upana wa vidole vitatu.

Mshono upi, na kwa jina la nani

Mafundi wa kroshia hapa kwetu husema cheni, yaani mnyororo wa vitanzi, kisha singo, ule mshono mfupi, nusu dabo, wa kati, na dabo, mrefu. Majina hayo yametoka kwa Waingereza na Wamarekani, na mataifa hayo mawili hayakubaliani: mshono ambao Mmarekani huuita singo, Mwingereza huuita dabo, na dabo ya Mmarekani kwa Mwingereza ni trebo. Mtu akifuata maelekezo ya Uingereza kwa macho ya Kimarekani, kofia yake itatoka ndefu mno, na atailaumu sindano. Dalili ya haraka ni neno singo lenyewe: likiwamo kwenye maelekezo kama jina la mshono, maelekezo hayo ni ya Kimarekani, maana Waingereza hawalitumii. Hapa natumia majina ya Kimarekani, kwa kuwa ndiyo yaliyozoeleka kwenye video.

Singo hutoa kitambaa kilichobana, kinachozuia upepo kuliko vyote, lakini kazi huenda polepole na kofia huwa ngumu, haikumbatii kichwa. Dabo hukimbia, kofia nzima kwa mchana mmoja. Tatizo ni matundu. Inyanyue juani uone mwanga unavyopenya, kisha jiulize upepo wa Januari utapenya vipi. Ipo kwa ajili ya mzula wa mapambo, au kofia itakayotiwa kitambaa kizito ndani. Nusu dabo ndiyo ninayoichagua kwa kofia zote mbili tunazozilinganisha, na kwa kichwa cha mvuvi hufuma masikio peke yake kwa singo, kwa sababu hapo ndipo upepo unapogonga.

Nianze na vipimo. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa karibuni huwa na mzunguko wa takriban sentimita 35, wa mwaka mmoja hukaribia 46, na wa mtu mzima mara nyingi huwa kati ya 54 na 59. Kofia ifumwe pungufu ya kichwa kwa sentimita mbili au tatu ili ishike. Kwa uzi mnene wa kawaida na sindano ya milimita 5.5, mkono wangu hutoa nusu dabo 13 katika sentimita 10. Wako unaweza kubana au kulegea, hivyo fuma kipande cha majaribio kwanza. Naanzia utosini kwa duara la kuvuta, yaani kitanzi cha uzi kinachokazwa kikishafumiwa, lenye nusu dabo 8, na kila mzunguko naongeza 8 zilizosambazwa sawasawa, hadi mzunguko wa tisa unaponipa 72. Hapo utosi una kipenyo cha karibu sentimita 18. Kuanzia hapo naacha kuongeza na kushuka moja kwa moja hadi kofia ifikie kina cha sentimita 20 kutoka utosini. Ukiona utosi unatoka kama bakuli, umeongeza kidogo mno. Ukiona unajikunjakunja kama jani la kabichi, umezidisha.

Mzula huishia hapo, au huongezewa sentimita sita za kukunja. Kwa kofia ya masikio, zile 72 zigawanye hivi: 26 za paji la uso, 14 za kila sikio, na 18 za kisogo. Kila sikio hufumwa peke yake kwenda na kurudi, ukipunguza jicho moja, yaani mshono mmoja, kila upande baada ya safu mbili za kwanza, mpaka ibaki ncha ya macho mawili. Kosa la wanaoanza ni kuyaweka masikio katikati kabisa ya kofia, kana kwamba masikio ya mtu yako katikati ya kichwa. Yako nyuma kidogo. Ndiyo maana paji limepewa 26 na kisogo 18. Kwa hesabu ya uzi, mzula wangu hula gramu 70 hadi 80, na kofia ya masikio pamoja na kamba na vishungi vyake hukaribia 150.

Kamba na vishungi

Kamba hutengenezwa kwa njia tatu, na watu huchagua iliyo rahisi, yaani cheni ndefu. Cheni huvutika, huwa nyembamba, na ikifungwa kidevuni hukata kama waya wa kukatia jibini. Kamba ya kusokotwa, ile unayoizungusha mpaka ikitaka kujikunja kisha ukaikunja katikati ikajiviringisha yenyewe, hutoka ya duara na ya kupendeza, ila fundo la mwisho likilegea hujisokotoa yote. Mimi nasuka. Nachukua nyuzi 6 za sentimita 90, nazipitisha kwenye ncha ya sikio la kofia na kuzikunja katikati ili ziwe 12, kisha nazigawa mafungu matatu ya nyuzi nne na kuzisuka kama nywele za mtoto wa shule. Hupatikana kamba ya takriban sentimita 35, bapa, isiyovutika sana na isiyoumiza. Kijana anayeona haya kuifunga kidevuni anaweza kuyainua masikio na kuifunga utosini hali ya hewa ikiwa nzuri, na hiyo ni faida ambayo mzula hauna: kofia moja yenye joto la namna mbili.

Vishungi ndivyo vinavyouza kofia, na ndivyo vinavyorudishwa. Kishungi kilicholegea huanza kumwaga nyuzi wiki ya pili. Watu huzungushia uzi kwenye vidole vitatu, au kwenye vipande viwili vya kadibodi vyenye umbo la pete. Vidole ni vya haraka na hutoa kishungi kidogo kisicho sawa, kadibodi huchelewesha na hutoa mviringo uliojaa. Kwa vyovyote, mizunguko isipungue 120 kwa uzi mnene, na kifungio kisiwe uzi uleule wa kofia, kwa kuwa hukatika ukiukaza inavyotakiwa. Hapa Kigoma tuna jibu lililo karibu: uzi wa nailoni wa kushonea nyavu. Hufungwa mara moja, hukazwa mpaka uingie katikati ya nyuzi usionekane, nao haukatiki kirahisi. Kisha chukua mkasi mkali upunguze pande zote ukikizungusha kishungi mkononi, bila huruma, maana kadiri kinavyopunguzwa ndivyo kinavyoshikamana.

Kile cha utosini usikishone moja kwa moja. Pitisha ncha za nailoni ndani ya kofia, zifunge kwenye kifungo cha shati, na siku ya kufua ukivue. Kishungi huchukua siku mbili kukauka katikati wakati kofia imekauka kwa moja. Cha sufu kikilala, mvuke wa birika hukifufua. Cha akriliki usikipeleke kwenye mvuke kabisa, kwa sababu hulegea na hakisimami tena.

Kuhusu viwili vya ncha za kamba, nilikuwa nikiviweka kwa kila mtu hadi yule kijana wa Minnesota alipomwandikia mama yake, naye akaja kunisomea ujumbe barazani. Masikio ya kofia yalikuwa yanafanya kazi, kamba alikuwa anazifunga kila asubuhi bila haya kwa kuwa wenzake pia walizifunga, na kishungi cha utosini alikiacha. Vile viwili vya chini alivikata wiki ya kwanza. Upepo ulikuwa ukivipiga usoni, na kimojawapo kilikuwa kimeshanaswa kwenye zipu ya koti. "Mama, mwambie fundi asione vibaya," aliandika. Sikuona vibaya. Tangu hapo ncha za kamba naziwekea fundo na shada fupi la nyuzi la urefu wa sentimita nne, isipokuwa mteja aseme wazi kwamba anavitaka vishungi, na huwa namweleza hadithi hiyo kabla hajalipa.

Kwa anayeanza leo na hajaamua bado, jambo moja litampunguzia mawazo. Tangu duara la kuvuta mpaka sentimita ya 20, mzula na kofia ya masikio ni kofia moja, kwa macho yaleyale 72. Anaweza kufuma hadi hapo, akamwita mwenye kichwa aketi kwenye kiti, akamvisha, akapima uzi uliobaki, na ndipo akaulizia masikio.